Dirisha Ulilolipaka Nyekundu

Baba Watoto,

Chakula kiko kwenye sufuria ndogo, pasha mwenyewe. Fundi bomba anakuja saa nne. Asiondoke kabla hujaona kwa macho yako sinki linapitisha maji. Nguo uzianue.

Sisi tumekwenda kuogelea. Ndiyo, tumekwenda!

Asubuhi watoto wameamka, mataulo begani, wakakimbilia ile picha ya nyumba tuliyobandika kwenye friji. Tulikubaliana wote wanne: kila mwezi tukilipa mkopo wa nyumba, tunapaka tofali moja la pichani rangi nyekundu. Kila matofali kumi, dirisha moja. Dirisha halipakwi, ni siku yetu ya kutoka. Wewe umelipaka! Pesa ya matembezi umeipeleka benki kimyakimya, eti tumalize mapema. Nani amekataa kumaliza mapema? Miezi kumi nasuka vichwa vya watu mpaka vidole vinakufa ganzi, sijanung'unika. Ila kuwadanganya watoto, hapana.

Nauli na kiingilio nimetoa kwenye pesa yangu ya kusuka, ile ya tofali la mwezi ujao. Ukitaka kununa, nuna na fundi bomba.

~~Usitupigie simu.~~ Piga saa sita, mdogo atakuulizia.

Ameniuliza, tukishaziba madirisha yote, humo ndani tutapumulia wapi? Nimemwambia hilo ni swali la baba. Tukirudi uwe na jibu, na dirisha nilikute jeupe, hata kama utalikwangua kwa kucha.

Mama Watoto