Mzaramo Aliyekuja Kuichukua Nyumba

Kijiji cha Nkololo,
S.L.P. Bariadi.
9 Agosti, 1976

Mdogo wangu Joakim,

Mwangaluka. Nataraji barua hii itakukuta ukiwa mzima pamoja na shemeji yangu Felisita na watoto, na kwamba kikohozi kilichokupata katika baridi ya Juni kimekwisha kukuacha. Sisi huku hatujambo. Mama anakula vizuri, anasikia yale anayotaka kuyasikia, na bado anamwambia Padri mbele ya watu kwamba misa yake ni ndefu. Mwaka huu mvua ilitosha. Pamba tumekwisha kuipeleka gulioni, ingawa malipo hayajafika kijijini.

Hasa nakuandikia juu ya nyumba. Tulipohamishiwa katika kijiji cha ujamaa, niliona haifai mwalimu mstaafu akae katika kibanda cha nyasi wakati serikali inahimiza nyumba bora. Nikakopa benki, nikajenga kwa saruji na mabati, na Mama nikampa chumba kinachopata jua la asubuhi. Sharti lilikuwa nilipe kila mwezi, nami nililipa. Kisha ukaja ule ukame. Pamba ilikauka ikiwa bado magotini, na pensheni yangu peke yake haikuweza kuibeba nyumba. Benki ikaniandikia kwamba nisipolipa malimbikizo, nyumba itauzwa.

Nilivaa koti, nikaenda Shinyanga kumwona meneja, Bwana Ramadhani Mtoro, mtu wa Kisarawe, mwembamba, mwenye miwani. Nilimweleza kwamba mkulima wa pamba hupata fedha mara moja tu kwa mwaka, kwa hiyo naomba nilipe mara moja kwa mwaka, baada ya soko, na miaka ya mkopo iongezwe. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba benki haifuati pamba, inafuata kalenda. Nilimjibu kwa adabu kwamba hata Mwenyezi Mungu ana kalenda, lakini hanyeshi mvua kila mwezi. Akasema, kwa adabu vilevile, kwamba malalamiko hayo niyapeleke kwa Mwenyezi Mungu, maana Mwenyezi Mungu hana tawi pale benki.

Nilirudi tena nikiwa nimekwisha kuyapanga maneno yangu vizuri zaidi. Mambo yakawa mabaya zaidi. Kadiri nilivyozidisha heshima, ndivyo alivyozidi kuwa mgumu, hata tukawa tunasemezana kama mabalozi wa nchi mbili zinazokaribia kupigana vita.

Wiki iliyopita alikuja mwenyewe kwa Landrova kuikagua nyumba kabla haijatangazwa kuuzwa. Nilimkaribisha sebuleni, nikampa kiti kilicho kizima. Mama akatoka chumbani kwake kumtazama mgeni, akamwuliza kwao ni wapi. Alipotaja Kisarawe, Mama alipiga kelele ambayo sikuwa nimeisikia tangu ulipooa wewe. Alisema kumbe ni Mzaramo, mateka wake, naye anaingia nyumbani kwa wakubwa wake bila kuvua viatu. Papo hapo akamnyang'anya mkoba, akauweka sakafuni, akaukalia.

Unaujua utani wetu na Wazaramo, tangu wazee wetu walipokuwa wakibeba pembe kwenda pwani. Unajua pia kwamba mimi sikuupenda kamwe, na shuleni kwangu niliupiga marufuku. Mama aliendelea kwa Kiswahili chake cha gulioni, akisema kwamba Mzaramo jembe halijui, anajua kucheza ngoma wiki nzima kwa ajili ya mwali mmoja, na kwamba amekonda hivyo kwa sababu benki inamlisha karatasi.

Nilisimama ili niombe radhi. Kabla sijafungua kinywa, Bwana Mtoro alimjibu Mama kwamba wazee wetu walipofika pwani na mizigo vichwani, ni Wazaramo waliowapa maji ya kunywa, na maji yale hatujayalipia mpaka leo. Akasema nyumba hii ndiyo malipo ya maji. Kisha akaingia chumbani kwangu, akajilaza kitandani na viatu vyake, akatangaza kwa sauti kubwa kwamba kuanzia saa hiyo nyumba ni ya watu wa Kisarawe na sisi tutafute pa kulala.

Joakim, mimi nimefundisha watu kutii sheria maisha yangu yote. Nilisikia afisa wa benki akitamka kwamba nyumba imechukuliwa. Sikubishana naye. Nilianza kutoa vyombo nje.

Nilitoa saa ya ukutani, kisha viti, kisha msalaba. Mwenyekiti wetu wa kijiji, Mahona, alikuwa akipita, akaniuliza kuna nini. Nilimwambia kwamba tumefukuzwa. Akaita majirani, na wanawake wakaanza kulia huku wakibeba masufuria. Tulikuwa tumekwisha kulifikisha kabati mlangoni, likakwama, ndipo Bwana Mtoro alipotokea nyuma yake akiuliza tunahamia wapi. Nilimjibu kwamba bado sijui, ila nimeutii uamuzi wake na ninaomba muda kidogo tu kwa ajili ya kitanda alichokuwa amekilalia.

Mama alicheka mpaka akashindwa kupumua. Bwana Mtoro alitambaa katika upenyo chini ya kabati, akaketi kwenye kiti changu katikati ya uwanja, akavua miwani, akafuta machozi. Baadaye aliniambia jambo lililonifedhehesha. Alisema kwamba nilipofika ofisini kwake, Msukuma mbele ya Mzaramo, nikasema kwa adabu tu bila kumtupia hata tusi moja, aliamini kwamba namchukia. Mtani anayekuheshimu, alisema, ana jambo moyoni. Ndiyo maana naye akajificha nyuma ya kalenda. Kanuni ya kumruhusu mkulima alipe kwa msimu ilikuwapo siku zote; inahitaji tu mdhamini mwenye mshahara.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo nimelizungusha tangu mwanzo. Mdhamini huyo ni wewe. Mama alilitaja jina lako nami sikumzuia, na ombi limekwisha kuandikwa. Nisamehe kwa kutokukuuliza kwanza. Bwana Mtoro anakwenda likizo kwao, na treni yake itasimama hapo Tabora Jumamosi ijayo. Atashuka akutafute katika ofisi yako ya stesheni ili utie sahihi.

Nakuomba jambo moja, nami naliomba kama kaka yako mkubwa: usimpokee kwa heshima. Ukimwita mheshimiwa, nyumba imekwenda. Mwambie kwamba Mzaramo hapandi treni, hupakiwa. Mwulize ni nani aliyemfungua kamba. Mnyang'anye chochote utakachokiona, isipokuwa kalamu, mpaka utakapokuwa umekwisha kutia sahihi.

Mama anawasalimu nyote na anasema kwamba, ukiona aibu, umkumbuke yeye katika chumba chake chenye jua. Mkoba wa Bwana Mtoro aliurudisha, lakini kofia aliyomvua alipokuwa akiondoka anayo na anakwenda nayo kisimani, haitarudi. Mahona anakusalimu pia. Kabati bado limekwama mlangoni, nasi tunapitia dirishani.

Mungu akulinde, akupe na ulimi mkali.

Kaka yako akupendaye,
Athanasi Shigela