Kanga Juu ya Televisheni

Jumamosi, 3 Mei

Nimeoga, nimesali, nimekaa. Uji wa asubuhi hauna hata iliki. Wifi Zuwena anasema iliki inanukia, na aliye edani hatakiwi kunukia. Sheria hiyo kaitunga mwenyewe. Ni dada mkubwa wa marehemu mume wangu, Nassor. Kahamia hapa kwangu Bawshar, Maskati, tangu siku ya maziko, kunichunga. Vioo vyote kavifunika. Televisheni pia, kwa kanga yangu mwenyewe.

Nje jua kali. Zaidi ya hapo sijui.

Jumanne, 6 Mei

Mwanangu Khalfan kapitia akitoka kazini Rusayl. Kaninong'oneza: timu ya Magdeburg inacheza Ijumaa, mchezo wa mwisho wa msimu.

Mji huo naujua kuliko Ghubra, mtaa wa jirani. Nassor alisomea mashine huko, Ujerumani, ujanani, alipopelekwa kutoka Unguja. Mto Elbe, tramu, kanisa kuu lenye minara miwili, ukumbi wa mpira wa mikono walikoingia kwa kusukumana. Mji ulipofanywa makao makuu ya jimbo, Nassor alichinja mbuzi hapa Maskati. Majirani walidhani kapata mjukuu. Tangu tuweke dishi hatukukosa mchezo. Mimi nimekaa, yeye kasimama na kikombe mkononi, chai inapoa. "Mwakani nnakupeleka." Kila mwaka, mwakani.

Kafa Machi, msimu haujaisha. Nataka niuone mwisho wake kwa niaba yake. Sitaki kingine.

Jumatano, 7 Mei

Nimemwomba wifi. Kaniuliza wachezaji ni wanawake au wanaume. Nikasema kweli.

"Mapaja wazi, na wewe umo edani?"

Nikamwambia wako Ujerumani, hawanioni. Akasema, wewe unawaona. Kaenda kuikaza kanga kwa fundo la pili.

Nimemchukia leo, Mungu anisamehe. Nimezunguka chumba mpaka magoti yanauma.

Alhamisi, 8 Mei

Eda itaisha Julai. Halafu? Gari sijui kuendesha, na hapa bila gari hufiki hata dukani. Khalfan ana kazi na watoto wake. Nassor ndiye aliyekuwa mlango wangu. Wifi anadhani yeye ndiye aliyenifungia. Ingekuwa ni yeye tu, ningesubiri Julai kwa raha.

Sijala mchana.

Ijumaa, 9 Mei

Mchana kutwa nimelala nimeelekea ukutani. Baada ya magharibi wifi kaingia na mabuibui mawili na shela mbili. Kasema kampigia shehe simu, hakumpata, basi tufanye tahadhari. Kama wanaume wanaingia sebuleni, nasi tujisitiri.

Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania. Nikavaa. Akafungua mafundo yote mawili. Tukakaa kwenye zulia, ajuza wawili nyuso zimefunikwa, mbele ya Wajerumani wenye kaptura. Nassor angecheka mpaka akae chini.

"Wetu wepi?"

"Wa kijani."

Kwanza alikuwa anavuta uradi. Baadaye tasbihi ikatulia. Dakika za mwisho kanyanyuka, kasimama karibu na mlango, kikombe mkononi, chai inapoa. Vilevile. Nilishindwa kumtazama.

Magdeburg wameshindwa kwa bao moja. Watu ukumbini hawakuondoka, walibaki wanaimba. Wifi hakuzima. Akasema, uso umo ndani ya shela:

"Hata miye aliniahidi kunipeleka. Kabla yako."

Nimelia mbele yake, mara ya kwanza tangu Machi. Naye kalia, kikombe bado anacho. Kanga imebaki chini mpaka tumelala.

Jumamosi, 10 Mei

Kanga imerudi mahali pake. Fundo moja.

Nimeoga, nimesali, nimekaa. Wifi kaleta uji, kauweka, katoka. Una iliki.