Kaa Mfalme Alivua Viatu

Kawagoe,
Jumatatu, bado mvua.

Mpendwa Dada Fusae,

Pokea heshima zangu na salamu za nyumba nzima. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba huko Hakodate bado mna jua la kuanikia nguo. Huku kwetu mvua haijui kupumzika, hata mkate unaota ukungu ukiutazama tu. Sisi hatujambo. Baba naye hajambo, ila magoti yake yanalalamika kuliko yeye mwenyewe.

Najua ukiona jina la Baba utataka kuikunja barua. Tafadhali usiikunje. Nilikusikia kwenye simu uliposema hutakuja kwenye sherehe yake ya miaka themanini, kwa kuwa yeye hakuja kwenye siku yako. Nawe ukishaamua jambo, hata trekta haikung'oi. Basi sikubembelezi, nina habari tu.

Jana mvua ilimzuia binti yangu Nagisa kutoka nje, nikamwekea diski za Shujaa Nyenze, kile kipindi cha televisheni cha utoto wetu. Unamkumbuka? Yule mwenye mabawa ya mdudu aliyekuwa akiangamiza maadui kwa kelele, mpaka Mama akatukatia mabawa kutoka pazia la bafuni. Nikamwambia Nagisa akae aone ushujaa wa kweli. Dada, aibu niliyoipata! Sayari inayolipuka ni bakuli la wali lililopinduliwa. Shujaa anapaa kwa kamba ya kuanikia nguo, tena nene. Ile kelele iliyokuwa ikitusisimua nywele ni mtu mzima anayepiga mayowe kama aliyebanwa kidole na mlango. Nagisa alicheka mpaka akashikwa na kwikwi, akaniuliza kama zamani watu wote walikuwa na macho mabovu. Nikamwambia anyamaze ale biskuti zake. Mke wangu Sayo naye alikuwa amejificha nyuma ya mto, mabega yanamtikisika.

Kisha akatokea Kaa Mfalme, yule uliyekuwa ukimrushia ndara kwenye kioo. Akavunja mlango wa nyumba ya watu ili amteke mtoto. Akaunguruma, akatikisa makucha, na kabla ya kukanyaga mikeka, akavua viatu. Naapa! Jitu limetoka kilindini kuja kutumaliza binadamu, linainama mlangoni, linavua mabuti, linayageuza yatazame nje, linayapapasa kila moja mara moja, ndipo linaingia kuteka. Na hakuna aliyeikata picha ile. Sayo akasema huyo kaa ana malezi mazuri kuliko mimi. Nagisa yeye hakucheka. Aliuliza, "Mbona huyo ni Babu?"

Nani mwingine, dada, anayevipapasa viatu? Mama alimtania kwa hilo mpaka anaingia kaburini.

Nikachukua mwavuli, nikamshika Nagisa mkono, tukaenda kwa Baba. Kwanza akakana, akasema kaa wenye adabu ni wengi. Nagisa akamtazama tu bila kupepesa, mzee akakiri. Zile cherehani alizotuambia anazunguka kuziuza, hakuwahi kuuza hata moja. Kazi yake ilikuwa kupigwa na Shujaa Nyenze, na michubuko yote ile tuliyoambiwa ni ya kubeba masanduku, ilikuwa yetu, ya burudani yetu. Nikamuuliza kwa nini alituficha. Akasema, "Ningewaambiaje, we Kiyoto? Kila Jumapili nikifa mnapiga makofi, na dada yako ndiye kiongozi." Ndiyo maana kipindi kikianza alikuwa haondoi gazeti usoni.

Sasa dada, weka chai chini. Siku ulipotimiza miaka sita, Baba aliahidi kukupeleka juu ya paa la lile duka kubwa, kwenye onyesho la watoto, ukamwone Shujaa Nyenze ana kwa ana. Hakutokea, Mama ndiye aliyetupeleka. Umesimulia kila mahali, hata kwenye harusi yako, jinsi Kaa Mfalme alivyokunyakua kati ya watoto wote, nawe ukamng'ata mpaka paa zima likakushangilia. Na kila ukimaliza unaongeza kuwa baba yako hakuwepo.

Baba alikunja mkono wa shati. Ile alama tuliyoambiwa ni ya mbwa wa mteja, nimeitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Ni meno madogo, juu na chini, na katikati kuna pengo. Wewe ndiye uliyekuwa umeng'oka jino wiki ile.

Alikuwa ameagizwa achague mtoto yeyote anayejua kulia. Akakuona wewe. Alisema uchungu ulimfika mfupani, lakini hakukuachia, kwa sababu mtoto haangushwi siku yake ya kuzaliwa. Dada, nililia mbele ya Nagisa, wala sioni haya.

Aliniomba nisikuambie. Anasema unajivunia sana kumshinda yule kaa, asingependa kukuharibia. Mimi nimeshindwa kunyamaza.

Wasalimie shemeji na watoto, na jirani yako anayewagawia maboga. Sherehe ni Jumapili ya tatu ya Julai, saa sita mchana. Baba amekataa kukaa kwenye kiti cha heshima kabla wageni hawajaingia wote. Anataka kusimama mlangoni, avigeuze viatu vyao. Nilipomkumbusha magoti yake, alisema kwa viatu vya Fusae bado yanakunjika.

Mimi mdogo wako,
Kiyoto