Mvua ya Kwanza ya Igowole

Kumbukumbu ya mume, baba na babu yetu, Bartolomeo Kikoti, msanifu majengo. Kalenga 1921 – Iringa 1976.

Mwaka umezunguka, Baba, tangu Ijumaa Kuu ile ulipotuacha. Ilikuwa tarehe 16 Aprili, saa nne asubuhi, hospitalini Iringa, na Mama alikuwa bado ameshika kitambaa cha kukufuta uso. Mpaka leo tukisikia radi tunageuka kuutazama mlango, maana wewe radi ikipiga ulikuwa hukai nyumbani.

Anayeandika ni mimi Kalista. Kaka Silvester ndiye aliyepewa kazi hii kwa kuwa ni mkubwa, lakini alipoanza na maneno "Kwa masikitiko makubwa" Mama akamnyang'anya kalamu. Alisema watu waambiwe ulivyokuwa, masikitiko wanayajua wenyewe.

Tulikaa siku moja tukajaribu kuhesabu majengo yako. Tulifika thelathini na saba tukadhani tumemaliza, ndipo mdogo wetu Faustin akakumbuka choo cha stendi, kile chenye madirisha mazuri kuliko ya nyumba yetu. Tukacheka, tukaanza upya. Tumekula nawe meza moja miaka yote hiyo tukikuona umeinama juu ya karatasi, penseli sikioni, na kila mmoja wetu alidhani unachora nyumba moja tu isiyoisha. Kumbe ulikuwa unachora nusu ya Nyanda za Juu. Ulipata muda saa ngapi, Baba? Hilo hatujalijua na sasa hatuna wa kumuuliza.

Ulisomea Nairobi na vyeti vyako vilikuwa ukutani, lakini mafundi walikuita Mzee Ramani, na hukukasirika. Ulikuwa mpole kwa watu na mkali kwa kuta. Ukuta uliopinda kidole kimoja ulikukosesha chakula cha mchana, na aliyeujenga ulikula naye cha jioni.

Mwaka jana, tulipomaliza matanga, nilifunga safari kwenda kuyaona yale ambayo sikuwahi kuyaona. Nilianza na soko la Mbalizi. Nilikuwa nimelisikia tu. Niliingia kununua viazi nikajikuta nimesimama katikati ya njia, kichwa juu, watu wananipiga vikumbo. Lile paa, Baba! Limepanda, likaachana, likapanda tena, na mwanga unaingia pale lilipoachana, lakini mvua haiingii. Mama mmoja muuza viazi aliponiona nashangaa akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia aliyechora hapa ni baba yangu. Akaniangalia kuanzia viatuni mpaka kichwani.

"Mwambie asante," akasema. "Mbingu katujengea. Bado bei tu."

Nikaenda Usangu kwenye zahanati. Huko nilimkuta mzee Ndalahwa, mfugaji aliyehamia bondeni na ng'ombe wake kutoka kaskazini, akanisimulia jinsi ulivyofika. Ofisa alikuonyesha kiwanja chenye kibao. Wewe ulimwacha ofisa na kibao chake ukamfuata yeye, ukamuuliza mwaka wa mafuriko maji hufika wapi. Alimwita ng'ombe mmoja, akaweka kiganja chini ya nundu.

"Na Baba akasema nini?" nikamuuliza.

"Alitoa futi kamba yake, mwanangu, akampima ng'ombe."

Sakafu ya zahanati ile imekaa kwa kipimo cha ng'ombe, na ngazi tatu za ziada. Bonde lilipojaa, watu walipanda barazani na watoto na kuku na vyungu vyao, wakakaa siku sita wakiyatazama maji yanakuja. Yalifika ngazi ya pili kutoka juu yakasimama. Alama ya tope bado ipo. Niliinama nikaigusa, na nikiri kwamba nililia.

Sasa nieleze habari ya kigoda, kwa wale wasioijua.

Baba yetu hakuwahi kukabidhi funguo za jengo lolote kabla halijanyeshewa. Ofisi zilimpigia simu, wakubwa walinuna, sherehe ziliahirishwa. Mvua kubwa ya kwanza ikitanda, alikuwa anapakia kigoda chake cha miguu mitatu kwenye Landrova na kuondoka. Akifika anaingia peke yake, anaamkia kwa kikwetu: "Kamwene!" na kusubiri jengo limwitikie. Kisha anakaa katikati, pale paa lilipo pana kuliko pote, mpaka mvua ikatike. "Jengo lisilonyeshewa halijajengwa," alikuwa akisema, "limesimamishwa tu."

Mara moja ulinichukua, mwaka 1970, nikiwa likizo kutoka chuo cha ualimu. Ilikuwa shule ya Kalenga, kijijini kwako mwenyewe, na mvua ilipiga bati mpaka nikaziba masikio. Ulinitoa mikono masikioni taratibu. "Sikiliza, mwanangu. Maji yanatafuta mlango. Tusikie kama yameupata." Tulikaa saa nzima tukisikiliza. Hayakuupata. Uso wako siku ile, sijauona kwa mtu mwingine yeyote.

Jengo moja tu hukulikalia.

Ukumbi wa kijiji cha Igowole, huko Mufindi, ulikuwa mkubwa kuliko vyote ulivyochora, wa watu mia sita, hatua ishirini na mbili kutoka ukuta hadi ukuta, na hauna nguzo hata moja katikati. Kenchi zake, zile mbao zinazobeba paa, zimekwenda juu zikakutana kama mikono ya mtu anayesali. Ulipougua zilikuwa zimeshapandishwa, bado bati. Kila asubuhi pale hospitalini ulimuuliza Mama swali lilelile: "Imenyesha Igowole?" Alikukumbusha kwamba bati bado, ukasema sawa, na kesho yake ukauliza tena. Siku ya Alhamisi, ambayo hatukujua kuwa ni ya mwisho, ulimshika mkono ukasema, "Regina, mvua ya kwanza ya Igowole, ukanikalie." Akakuahidi.

Bati zilipigwa mwezi wa sita. Ndipo hofu ikaingia. Kwetu nyumba ina nguzo ya kati, hata ya bibi kizee ina nguzo ya kati, na aliyesema hii itasimama bila nguzo alikuwa ameshazikwa. Kamati ya ujenzi ikakutana. Wakakata mikaratusi kumi na moja mibichi, wakaisimamisha ukumbini chini ya kenchi, na juu ya kila mmoja wakagongomea kabari. Mama alikwenda akaiona. Alirudi nyumbani akalala mchana, kitu ambacho hajawahi kufanya.

Ilikuwa wiki ya kwanza ya Desemba mawingu yalipokuja. Mama alichukua kigoda chako, tukapanda basi, tukafika Igowole anga limeshakuwa jeusi. Mwenyekiti wa kamati, mzee Yotamu, alikuwa mlangoni na funguo mfukoni.

"Mama Silvester, hii funguo siwezi kutoa. Mzee kashatangulia. Na wewe tena ukafie humo? Si watasema Igowole tunakula watu?"

"Nilimwahidi, Mwenyekiti."

"Najua. Ngoja kwanza mvua ipite, halafu utaingia utakaa mpaka uchoke."

"Ikipita nitakuwa nimekalia nini?" Mama akasema. Kisha, kwa upole wake ule unaoujua: "Basi ingia na mimi. Kitu kikianguka tutakuwa wawili wa kulaumiana."

Mzee akatoa funguo mfukoni. Akafungua. Mama akasimama kizingitini akaamkia, "Kamwene!" Baba, ukumbi uliitikia. Sauti ilikwenda mpaka ukuta wa mwisho ikarudi imekuwa nene kidogo, na mzee Yotamu akavua kofia.

Mvua ya Mufindi haina haja ya kuelezwa. Ilikuja na upepo, ikapiga lile bati lote kwa mara moja, na mimi nikajua wewe ungekuwa unatabasamu. Mama alikaa kwenye kigoda akafunga mikono mapajani. Mimi nilisimama nyuma yake. Mzee Yotamu aliukumbatia mkaratusi wa tatu kwa mikono miwili, macho kayafumba, midomo inasali.

Mama hakufumba macho. Alitazama juu, kama ulivyokuwa unatazama, kenchi moja baada ya nyingine bila haraka. Halafu akainua kidole.

"Mwenyekiti," akasema kwa sauti ya kushinda mvua, "huo unaoukumbatia umeshika nini?"

Mzee akafumbua macho, akatazama. Kati ya kichwa cha nguzo na kenchi mwanga wa dirisha ulikuwa unapita. Ile mikaratusi ilikatwa mibichi, na kiangazi chote kile imekauka na kupinda, kabari zimelegea na kuanguka, na hakuna aliyeinua kichwa kuona. Mzee alileta ngazi mwenyewe, hajaamini, akapanda. Akachomoa kadi yake ya chama mfukoni akaipitisha juu ya nguzo, ikapita. Akahamisha ngazi. Ya pili ikapita, ya tatu ikapita. Zote kumi na moja, Baba, huku mvua ikipiga na upepo ukisukuma, paa lako limekaa juu kabisa bila kuguswa na mti wowote. Sijui lilikuwa limekaa peke yake hivyo kwa muda gani, huku watu wakipita chini kwa kunyata.

Mzee alishuka akakaa kwenye ngazi ya mwisho. "Mama Silvester," akasema, "sisi tulidhani tunamsaidia."

Mama akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Pasaka.

Jumamosi hii, tarehe 16 Aprili 1977, tutakuombea katika ukumbi huo saa nne asubuhi, na wote waliokujua wanakaribishwa. Kigoda chako kitakuwa katikati na hatakikalia mtu. Baada ya sala kuna chakula. Kuni za kupikia ni ile mikaratusi kumi na moja. Mzee Yotamu ameipasua kwa shoka lake mwenyewe, anakataa kusaidiwa, na anasema imekauka vizuri sana.

Unakumbukwa na mkeo Regina. Na sisi wanao Silvester, Kalista na Faustin. Na mkweo Evarista. Na wajukuu zako, ambao wamegundua kwamba ukiamkia ukumbini unaitikiwa, na sasa hawataki kutoka. Na ndugu zako wote wa Kalenga. Na mafundi wako, kutoka Mbeya hadi Iringa.

Hutatutoka moyoni siku zote za maisha yetu.

Imenyesha Igowole, Baba. Mama alikukalia mpaka ikakatika, na hakikuloa hata kitambaa chake cha kichwa.