Soprano wa Rhotia Yuko Metimani

Jumatatu, 11 Aprili 1983
Anakuja! Sista Bibiana kaleta habari mwenyewe. Yule mwalimu wa opera wa Italia aliyesikia kanda yangu anakuja kutalii kreta, na Jumamosi atapita hapa kunisikia kwa masikio yake. Nikimridhisha — miaka miwili Milano, nasomea opera! Miaka kumi mimi ndiye soprano wa jimbo, watu wanatoka Mbulu kunisikia Pasaka, na jukwaa sijawahi kupanda. Nina thelathini na moja. Nafasi nyingine sitaipata.

Jumatano, 13 Aprili
Mtoto wa wifi Marsela amefariki. Siku tisa tu. Tumemzika.
Baba kasema nyumba nzima tuko metimani, tumetengwa kwa mila ya msiba. Hatutoki, haingii mtu, hatukanyagi njia za majirani, wala hakuna kuimba. Mpaka mavuno. Mpaka mavuno!

Alhamisi, 14 Aprili
Nimemlilia Baba. Nikamwambia sisi Wakristo. Kasema hata yeye ni Mkristo, ila njia yetu ya kwenda barabarani inapita uani kwa Leonida, na Leonida ana mimba ya miezi saba, baada ya mbili kuharibika. Kaniuliza, nikipita na msiba huu mwilini, likatokea la kutokea, nitamwambia nini? Upande wa pili ni korongo, limejaa maji.
Nimemchukia Baba. Nimemchukia hata yule mtoto — Mungu nisamehe.

Ijumaa, 15 Aprili
Leonida, mwenzangu wa kwaya miaka yote, kaja mpaka kwenye uzio wa minyaa. Kasimama mbali.
“Kesho pita kwangu, dada. Mimi mambo hayo siyaamini.”
Nimelia kwa furaha. Nikafanya mazoezi mdomo umefungwa, Marsela asisikie. Kasikia.

Jumamosi, 16 Aprili
Landrova iko barabarani tangu saa nne. Yule mama wa Italia, mwalimu, namwona, kashika mwavuli. Wana ndege jioni. Sista anapiga honi. Nimevaa gauni la kwaya, na viatu. Baba kageukia ukutani, hanizuii tena.
Nilifika mlangoni. Leonida kasimama njiani, ananipungia nije. Anapunga kwa mkono mmoja. Wa pili kaushikilia tumboni, wala hajui kama kaushikilia.
Nimerudi kukaa. Naandika ili mikono ifanye kitu.
Honi tena. Nimevua kiatu kimoja.