Chumvi Katika Shimo la Babu

Mdogo wangu Bwereti, huko Nyuzilandi,

Sisi hatujambo. Nguruwe amezaa. Binti yako Teretia sasa analisha magimbi katika shimo la babu, lililochimbwa hadi kwenye maji matamu ya chini ya kisiwa, kwa majani makavu na ule mchanganyiko wa ukoo wetu, siri tunayonong'onezana tu, maana ikitoka nje ya ukoo magimbi hufa. Mbolea ya dukani hatuigusi.

Juzi magimbi yalianza kunyauka. Nikamfokea: "We mtoto, siri yetu umempa nani?"

"Haki ya Mungu, shangazi, sijamwambia mtu!" Akachota maji ya shimoni, akaonja. "Mbona yana chumvi?"

Nikaonja na mimi. Bahari imepita chini kwa chini mpaka shimoni.

Bado analilisha shimo kila asubuhi, nami nashindwa kumkataza. Uliniomba nimlee hapa mpaka akue. Njoo umchukue.

Dada yako,
Meere