Mlango wa Mama Haupunguzwi

Dada yangu mpendwa,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Hujambo? Shemeji na wapwa zangu hawajambo? Mama anaendeleaje na kiti chake cha magurudumu? Bado anawagonga miguu halafu anawalaumu nyinyi kwa kusimama njiani? Mimi ni mzima, ila macho yananiuma kwa skrini, kama kawaida yetu wachora ramani.

Ramani ya nyumba uliyonitumia nimeipata. Umeeleza kwamba barabara imepanuliwa na kiwanja kimemegwa, kwa hiyo nyumba lazima ipungue upana kutoka mita kumi na nne hadi kumi na mbili. Ukaipeleka ramani yangu kwa yule bwana wa duka la kuchapisha, akaipunguza kwa dakika moja, na wewe ukamsifu. Dada, nilipoifungua niliruka kwenye kiti.

Nilimpigia simu huyo Bwana Dakika Moja. Akaniambia kwa madaha kwamba aliichagua ramani yote, akaionyesha programu upana wa zamani, akaandika upana mpya, na kompyuta ikapiga hesabu yenyewe. Nikamjibu kwamba njia hiyo naitumia kila siku na sina ugomvi na haraka. Ugomvi wangu ni na watu wanaodhani kila kilichochorwa kinaweza kusinyaa pamoja. Nikamuuliza kama amewaagiza wafyatuaji nao wapunguze matofali, maana kuta zake zimekonda. Akacheka. Nikamuuliza mlango wa bafu sasa una upana gani. Nikamsikia akibofya, kisha akasema, kwa sauti ya chini kidogo, sentimita sitini na nane na nusu. Nikamwambia kiti cha mama yangu kina sitini na saba, na mikono inayosukuma magurudumu haimo humo. Akasema pole kaka, niliambiwa nipunguze, nimepunguza.

Nilipowapigia nyinyi, Shemeji alisema kompyuta haikosei. Ni kweli, inatii tu, hata ikiamriwa upuuzi. Mama naye akadakia kwa nyuma kwamba nisisumbue watu, yeye atapita kwa ubavu. Kwa ubavu, na magurudumu! Mlicheka wote. Mimi sikucheka. Mtu asiyeweza kuingia bafuni mwake bila kubebwa hana nyumba, amehifadhiwa tu. Nyumba ya namna hiyo sitaichora, hata mnune.

Basi nimeichora upya. Milango yote niliichora tangu mwanzo kama kitu kimoja, ukigusa mmoja yote inafuata, kwa hiyo niliandika sentimita tisini mara moja ikawa tisini nyumba nzima. Kuta nimezishika mwisho mmoja nikazivuta ndani, unene ukabaki ule ule. Sebule ilikubali. Jiko lilinung'unika, likakubali. Kazi ya mchana mmoja, na huo ndio wepesi ninaoutambua mimi. Lakini bafu na ukumbi vinahitaji nafasi ya kiti kugeuka, na ukishavipa nafasi hiyo, vyumba vinne vya kulala havienei. Kimoja lazima kitoke.

Nimefuta changu.

Najua utasema tungetoa cha wageni. Nisikilize, kwa sababu hili nimeshindwa kulisema kwa simu Mama akiwa karibu. Sitarudi kuishi huko, Dada. Kila mwaka nasema mwakani, na kila mwaka mnanitengea kitanda. Kazi yangu iko huku, watu ninaogombana nao na kupatana nao wako huku, nami nimekuwa mtu wa huku bila kumuaga yeyote. Mimi ninayewafokea watu wote waseme ukweli nilikaa kitambo nikiutazama mstari wa ukuta wa chumba hicho, kidole kikigoma. Kisha nikabonyeza.

Mama niachie mimi, nitamwambia mwenyewe Jumapili. Wewe mzuie fundi asichimbe msingi kwa ile ramani nyingine.

Msalimie Shemeji, sina kinyongo naye. Wabusu wapwa zangu. Chumba cha wageni kiwekeni karibu na cha Mama, maana ndimo nitakamolala nikija.

Ni mimi mdogo wako,
Mbishi